Utulivu wa kutengenezwa: bustani ya Kijapani inavyofanya kazi kichwani mwa mtu

Katika hekalu la Ryoan-ji, kaskazini-magharibi mwa Kyoto, kuna kiwanja cha mstatili chenye urefu wa takriban mita 25 na upana wa mita 10. Hakina mti, hakina maua, hakina maji. Kuna changarawe nyeupe iliyochanwa kwa reki ikabaki na mistari, kuna mawe 15 yaliyowekwa katika makundi matano, na chini ya kila kundi kuna ule ukoga wa kijani unaoota mahali penye unyevu. Basi. Wageni wanavua viatu, wanakaa kwenye baraza ya mbao na kutazama. Wengi huanza kuhesabu mawe, na wengi huishia kwenye 14, kwa sababu yamepangwa kiasi kwamba popote utakapokaa barazani, angalau moja linajificha nyuma ya mwenzake. Ukisogea ulione hilo, jingine linapotea.

Kiwanja hiki kimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1994. Watu huondoka pale wakisema wametulia, na wasanii huondoka na kazi mpya vichwani. Ingekuwa bustani ya miwaridi yenye chemchemi, hakuna ambaye angeuliza kwa nini. Lakini mawe na kokoto? Vinamtulizaje mtu?

Majibu ya haraka hayakosekani. Utaambiwa ni asili, maana Wajapani wanapenda asili. Utaambiwa ni dini, maana pale ni hekalu la Zen, tawi la dini ya Kibudha. Utaambiwa ni ukimya. Kila jibu lina ukweli kidogo, na kila moja likibanwa linayumba. Asili gani hiyo inayochanwa kwa reki? Kuhusu ukimya, fika Ryoan-ji saa tano asubuhi msimu wa majani mekundu, ukutane na misafara ya watalii na wanafunzi waliovaa sare, ndipo uniambie ukimya uko wapi. Ninavyoona mimi, bustani ya Kijapani inatuliza kwa sababu inampa mtu kazi: kazi ya macho, kazi ya miguu, kazi ya kukamilisha kile ambacho fundi alikiacha kwa makusudi. Na kazi hiyohiyo ndiyo inayoamsha ubunifu.

Tuanze na macho. Hakuna anayejua kwa hakika nani alibuni bustani ya Ryoan-ji. Maelezo ya maana yake ni tele: visiwa baharini, vilele vya milima vilivyochomoza juu ya mawingu, chui milia anayevusha watoto wake mtoni. Chagua unalotaka, hekalu halitakukatalia. Shida ya maelezo hayo ni kwamba hayatuambii kwa nini mtu ambaye hajawahi kuyasikia anaweza kukaa pale nusu saa bila kuchoka.

Mwaka 2002 jarida la Nature lilichapisha jaribio la kujibu hilo. Watafiti watatu, Gert van Tonder, Michael Lyons na Yoshimichi Ejima, waliyaacha mawe wakapima nafasi tupu iliyo kati yake. Walitumia hesabu inayotafuta mistari inayopita katikati kabisa ya vitu, ikiwa mbali sawasawa na jiwe la huku na la kule. Ni njia ambayo inadhaniwa jicho la binadamu nalo huitumia kuchambua maumbo. Mistari hiyo ilipochorwa, ukatokea mti: shina moja linalogawanyika mara mbili, kisha kila tawi mara mbili tena, hadi vitawi vyembamba. Shina lenyewe linapita karibu na katikati ya ukumbi wa hekalu, pale ambapo kwa desturi ndipo panapotazamiwa bustani. Mawe yalipohamishwa ovyo kwenye kompyuta, mpangilio huo ukavurugika. Mgeni aliyekaa barazani haoni mti wowote. Hoja ya watafiti ni kwamba ubongo wake unauhisi bila yeye kujua, na ndiyo maana ule utupu hauonekani kama uwanja uliosahaulika.

Huenda wamekosea kuhusu ubongo. Hata hivyo wamegusa jambo ambalo mafundi wa bustani wamelijua siku nyingi, kwamba kinachobuniwa pale ni nafasi, na mawe ni mipaka yake tu.

Kuhusu asili, kuna mwongozo wa karne ya 11 uitwao Sakuteiki, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya Tachibana no Toshitsuna, kabaila wa Kyoto. Ndio mwongozo mkongwe kuliko yote ya utengenezaji wa bustani Japani. Unamwambia fundi aweke jiwe kuu kwanza, kisha mengine ayaweke kwa kufuata ombi la jiwe hilo. Yaani anasimama, anatazama, anajiuliza jiwe hili linataka jirani wa namna gani: mrefu au mfupi, wa karibu au wa mbali. Mwongozo huohuo umejaa makatazo. Jiwe lililokuwa limelala mlimani usilisimamishe, na lililokuwa limesimama usililaze, la sivyo balaa litaiangukia nyumba. Mtu wa leo anaweza kuyacheka, ila ndani yake kuna nidhamu ya kutazama vitu jinsi vilivyo kabla ya kuvigusa, nidhamu ambayo mchongaji au mpiga picha yeyote angeitamani.

Baada ya kutazama huja mikono. Msonobari wa bustani ya Kijapani unaoonekana umepindwa na upepo wa karne nyingi umepindwa na watu. Majira ya kuchipua, mtunzaji anapanda ngazi na kuvunja machipukizi kwa vidole, moja moja, ili tawi lisirefuke kupita kiasi. Majira ya kupukutisha anapanda tena, sasa akichomoa majani makuukuu yaliyo kama sindano, ili mwanga upenye katikati ya matawi na wewe mtazamaji uone anga. Mti mmoja mkubwa unaweza kummalizia siku nzima. Huko Kanazawa, katika bustani ya Kenroku-en, ifikapo tarehe 1 Novemba watunzaji huanza kufunga kamba kutoka ncha ya mlingoti mrefu hadi kwenye kila tawi, zikatandazwa duara kama mbavu za mwavuli, ili theluji nzito ya pwani ile isivunje misonobari. Kamba zenyewe zimegeuka kivutio. Watu husafiri kwenda kuzitazama.

Mistari ya changarawe nayo haidumu. Mvua inaitibua, majani yanaiangukia, na mtawa anarudi na reki yake ya mbao yenye meno mapana. Aliyekulia kwenye nyumba yenye ua wa mchanga analijua jambo hili bila kufundishwa: alfajiri mama au dada amefagia kwa ufagio wa chelewa, kila mpigo umeacha nusu duara ardhini, na unaona haya kuwa wa kwanza kukanyaga. Tofauti ni kwamba kule Kyoto hakuna anayekanyaga, na anayechana hutembea kinyumenyume ili nyayo zake zifutwe na reki yake mwenyewe.

Husimuliwa kisa cha Sen no Rikyu, mwalimu mkuu wa desturi ya Kijapani ya kuandaa na kunywa chai, aliyeishi kati ya 1522 na 1591. Kijana wake alifagia njia ya bustani mara tatu, akaosha mawe, hakuacha hata jani. Baba akamwambia njia haifagiliwi hivyo, akaenda kuutikisa mti, majani ya rangi ya dhahabu na nyekundu yakatawanyika juu ya njia iliyo safi. Iwe kilitokea au la, kisa hiki kinaeleza mengi. Bahati nasibu unayoiona pale imetikiswa na mtu.

Huyo Rikyu anatuleta kwenye miguu, na hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu njia ya kwenda kwenye kibanda cha chai ndiyo sehemu ya bustani ya Kijapani inayomshika mgeni waziwazi kuliko zote, na mgeni mwenyewe hatambui.

Njia hiyo ni ya mawe ya kukanyagia yaliyozamishwa ardhini, kila moja likiwa na umbo lake na mengi hayako sambamba. Huwezi kuyapita ukiwa umeinua uso, utajikwaa. Basi unainama, unatazama jiwe lijalo, unaweka mguu, unatafuta la pili. Kwa hatua kadhaa huwazi deni wala barua pepe, maana akili yako yote iko unyayoni. Ghafla mguu unafika kwenye jiwe pana, tambarare, linalotosha miguu yote miwili. Mwili unasimama wenyewe na kichwa kinainuka. Na hapo, kwa kuwa fundi alijua utasimama hapo, ndipo alipoweka taa ya mawe, au tawi la mti wa maple lililoinamia maji, au mwanya wa kuona paa la kibanda. Unadhani umeona kwa bahati. Umeonyeshwa.

Inasemekana Rikyu alitaka mawe ya njia yawe sehemu sita kwa ajili ya kutembea na sehemu nne kwa ajili ya kutazamwa, na mwanafunzi wake Furuta Oribe akageuza: nne kutembea, sita kutazama. Ugomvi wa nne na sita unaweza kuonekana mdogo, lakini ni ugomvi kuhusu nani anatawala hatua za mgeni, mwili wake au jicho lake.

Wakati mwingine njia inagawanyika na mwenyeji hataki upite upande mmoja. Haweki uzio wala kibao. Anachukua jiwe dogo, ukubwa wa ngumi au zaidi kidogo, analifunga kwa kamba nyeusi ya nyuzi za mimea, kamba inapita juu msalaba na kufungwa fundo lenye kishikio, kisha analiweka juu ya jiwe la kukanyagia. Mtu yeyote angeweza kuliruka. Hakuna anayeliruka. Ukiniuliza ni kitu gani kimoja kingebeba falsafa yote ya bustani hizi, ningekuonyesha jiwe hilo lenye kamba kabla ya Ryoan-ji nzima.

Bustani kubwa za kutembelea zinatumia mbinu hiyohiyo kwa ukubwa wake. Katika makazi ya kifalme ya Katsura, yaliyoanzishwa na mwanamfalme Toshihito mwanzoni mwa karne ya 17, mgeni anapoingia anakuta kijia kifupi chenye ua wa mimea kila upande, na mwishoni kabisa, mahali ambapo bwawa lingeonekana lote, umepandwa msonobari mmoja mdogo. Umeziba. Utaliona bwawa, lakini kidogo kidogo, na kila kona italionyesha kwa sura nyingine.

Sasa dini. Kusema bustani hizi zimetokana na Zen ni kama kukubali nusu ya habari. Kabla ya Zen kushika mizizi Japani, kulikuwa na bustani za mabwawa za makabaila wa Kyoto, zenye asili ya China na Korea, na bustani za mahekalu zilizojaribu kuonyesha pepo ya Buddha; ile ya Byodo-in huko Uji, yenye ukumbi wa 1053, bado ipo. Zen iliongeza ukavu na ufupi. Mtawa Muso Soseki, aliyefariki 1351 na ambaye ndiye anayehusishwa na bustani za Saiho-ji na Tenryu-ji, aliandika kwamba milima na maji havina faida wala hasara. Faida na hasara zimo moyoni mwa mtu. Alikuwa akiwajibu wale waliodhani kupenda bustani ni dalili ya uchamungu, na wale waliodhani ni dalili ya anasa. Wote wawili aliwaambia watazame ndani yao kwanza. Kwa hiyo hata mtawa aliyezijenga hakudai kwamba bustani ina dawa ndani yake.

Historia yenyewe haikuwa na utulivu. Ryoan-ji ilianzishwa 1450 na Hosokawa Katsumoto. Huyohuyo Katsumoto, 1467, akawa kamanda wa upande mmoja katika vita vya Onin, akipigana na baba mkwe wake Yamana Sozen mitaani Kyoto. Vita viliendelea miaka kumi, jiji likateketea, na Ryoan-ji ikateketea nalo. Ikajengwa tena kuanzia 1488. Bustani tunayoiita kilele cha amani ipo katika jiji lililoinuka kutoka kwenye majivu.

Na mikono iliyobeba mawe? Nyuma ya jiwe mojawapo la Ryoan-ji yamechongwa majina mawili ya watu wa kawaida, mmoja akiwa Kotaro. Inadhaniwa walikuwa kawaramono, watu wa kingo za mito, tabaka lililotengwa kwa sababu walichinja wanyama na kuchuna ngozi, kazi ambazo dini ilizihesabu kuwa najisi. Wao ndio waliochimba, waliopanda na kusimamisha mawe, na baadhi yao wakawa mafundi wasio na mpinzani. Zen'ami, aliyefariki 1482, alikuwa mmoja wao; shoguni (mtawala wa kijeshi) Ashikaga Yoshimasa alimthamini kiasi cha kumpelekea dawa alipougua. Mjukuu wake, Matashiro, alimwambia mtawa mmoja kwamba anasikitika kuzaliwa katika nyumba ya wachinjaji, na kwa hiyo ameapa kutoua kiumbe wala kutamani mali. Sioni namna ya kuitazama changarawe ile baada ya kujua hayo na bado nikaamini kwamba ni zao la watawa waliokaa kimya tu.

Turudi kichwani mwa mtazamaji. Wanasaikolojia wa Marekani Rachel na Stephen Kaplan, katika kazi yao ya 1989, walitofautisha umakini wa aina mbili. Upo ule wa kujilazimisha: kusoma mkataba, kuendesha gari kwenye foleni, kusikiliza kikao. Huo unachosha na unaisha. Upo mwingine unaovutwa polepole na vitu visivyodai chochote, kama mawingu, maji yanayotiririka au majani yanayotikisika. Wakati huu wa pili unapofanya kazi, ule wa kwanza unapumzika. Ndiyo maana matembezi bustanini huweza kumrudishia mtu uwezo wa kufikiri ambao usingizi wa mchana haukumrudishia.

Lakini mbona bustani moja ifanye hivyo kuliko nyingine? Seiko Goto wa Chuo Kikuu cha Nagasaki amelifuatilia swali hili kwa miaka, pamoja na wazee wenye matatizo ya kumbukumbu. Katika utafiti uliochapishwa 2025, yeye na wenzake walilinganisha watu waliotazama bustani ya Murin-an ya Kyoto na waliotazama bustani nyingine ya jiji hilohilo isiyotunzwa kwa ustadi ule. Mtu angetarajia kwamba penye utulivu zaidi jicho litatua. Ikawa kinyume: Murin-an macho yalihama kwa kasi zaidi na kuzunguka eneo pana zaidi la mandhari, na papo hapo mapigo ya moyo yakashuka. Kundi la watazamaji lilikuwa dogo, kwa hiyo tusiligeuze kuwa sheria ya maumbile. Ila linaoana na kile fundi anachokifanya. Murin-an, iliyotengenezwa miaka ya 1890 na Ogawa Jihei kwa ajili ya mwanasiasa Yamagata Aritomo, imepangwa ili kila kitu kikuelekeze kwenye kingine: kijito kinakupeleka kwenye jiwe, jiwe kwenye nyasi, nyasi kwenye vilima vya Higashiyama vilivyo nje kabisa ya ukuta, ambavyo vimeingizwa ndani ya picha kana kwamba ni mali ya mwenye nyumba. Hakuna kitu kimoja kinachokukamata na kukuambia, nitazame mimi. Jicho linazunguka bila kugonga ukuta, na mwili unachukua hiyo kama habari njema.

Hapo ndipo ubunifu unapoingia. Watu husema, nenda bustanini upumzike, mawazo yatakuja. Kwa baadhi huja hivyo. Wasanii waliotoka Ryoan-ji na kitu mkononi, hata hivyo, hawakupumzika pale. Walichukua utaratibu wa mahali wakaupeleka kwenye kazi zao. John Cage, mtunzi wa Marekani, alifika 1962. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, kuanzia 1983, akaandika mfululizo wa muziki aliouita Ryoanji, ambamo mistari ya sauti inayopanda na kushuka ilichorwa kwa kuzungushia penseli kwenye mawe halisi, huku vyombo vya kugonga vikilia chini yake mfululizo vikisimama mahali pa changarawe. Alichora pia picha kwa mtindo huo, mawe 15 yakiwekwa mahali ambapo bahati nasibu ilimwelekeza. David Hockney alipita Februari ya mwaka huohuo wa 1983 na kamera. Tatizo lake lilikuwa kwamba picha ya kawaida huionyesha bustani ikiwa imebanwa upande wa mbali, ilhali ukiwa pale unajua ni mstatili. Akatembea ukingoni akipiga picha hatua kwa hatua, akaziunganisha, na mstatili ukarudi. Chini kabisa ya kazi ile inaonekana miguu yake mwenyewe.

Mfano ninaoupenda zaidi lakini ni wa Mjapani. Shigemori Mirei alizaliwa 1896, akasomea uchoraji, na jina la Mirei alijipa mwenyewe kwa heshima ya mchoraji Mfaransa Millet. Elimu ya bustani alijifunza kwa miguu. Kimbunga kikubwa cha Muroto kilipoharibu bustani nyingi za Kyoto na jirani zake 1934, alitambua kwamba hakuna michoro ya kuzirudishia. Akaanza kuzunguka Japani akipima na kuchora mamia ya bustani, na kufikia 1939 alikuwa ametoa juzuu 26. Mwaka huohuo hekalu la Tofuku-ji likampa kazi ya kuzunguka ukumbi wa mkuu wa monasteri. Pesa hazikuwepo, kwa hiyo alikubali kufanya bure ili mradi aachiwe uhuru. Sharti lilikuwa moja: kwa kuwa mafundisho ya Zen yanakataza kupoteza kitu, vifaa vya zamani vilivyokuwepo hekaluni vitumike tena.

Mtu mwingine angelalamika. Shigemori alichukua mawe ya mraba yaliyokuwa ya kuwekea njia, akayazamisha katika ukoga wa kijani upande wa kaskazini, kwa mpangilio wa drafti. Karibu na ukumbi miraba imekamilika. Kadiri inavyosogea mbali inapungua, inaachana, hadi mwishoni kijani kinabaki chenyewe. Upande wa mashariki alikuta mawe saba ya mviringo yaliyokuwa misingi ya nguzo, akayasimamisha kama nyota saba zinazoonyesha upande wa kaskazini. Hakuna bustani ya kale iliyokuwa na vitu hivyo, na hata hivyo ukivitazama hutilia shaka kwamba ni bustani ya Kijapani. Mtu aliyepima kazi za wengine kwa miaka, akapewa mabaki na kutakiwa ayatumie, ndiye aliyefanya jipya kuliko wote wa kizazi chake. Wanaotafuta wazo la kuandika au kuchora wangefaidika zaidi na habari za Tofuku-ji kuliko na ushauri wa kuvuta pumzi.

Nje ya Japani bustani hizi zimefuata njia nyingi, na si zote za starehe. Katika vita vya pili vya dunia, serikali ya Marekani iliwafungia kambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, theluthi mbili yao wakiwa raia wa Marekani. Manzanar, katika bonde kame la California, ilikuwa na zaidi ya watu 10,000 nyuma ya seng'enge na minara ya walinzi. Miongoni mwao walikuwamo watunza bustani wa kitaalamu. Kando ya mabwalo, mahali watu waliposimama foleni ndefu kusubiri chakula katika vumbi na upepo, walichimba mabwawa, wakaviringisha mawe kutoka milimani, wakaweka madaraja. Baada ya kambi kufungwa 1945 mchanga ulizifunika, na miaka ya karibuni idara ya hifadhi za taifa imekuwa ikizifukua. Bustani ile haikumfungulia mtu lango. Ilibadilisha foleni. Unapongoja kwa nusu saa huku mtoto akilia na jicho lako lina mahali pa kwenda, hiyo ni nusu saa nyingine kabisa.

Kwa anayesoma haya akiwa ughaibuni, si lazima apande ndege kwenda Kyoto. Portland, Oregon, kuna bustani iliyofunguliwa kwa umma 1967, kazi ya Takuma Tono, na wengi wanaoijua fani wanaiweka juu sana miongoni mwa zilizo nje ya Japani. London, ndani ya Holland Park, kuna Kyoto Garden ya 1991. Kuingia ni bure, tausi wanatembea humo, na Jumamosi alasiri imejaa watu wa kupiga picha za harusi na za mitandao. Nenda siku ya kazi asubuhi. Ubelgiji kuna ile ya Hasselt, ya 1992, mojawapo ya zilizo kubwa barani Ulaya.

Ukifika popote kati ya hizo, tembea mara ya kwanza kwa mwendo ambao mawe yanakulazimisha, bila simu mkononi, na uangalie ni wapi miguu yako inasimama yenyewe. Mara ya pili rudi kwenye sehemu hizo, chuchumaa, kisha simama, uone fundi alificha nini katika kila kimo. Ukiwa na daftari, chora nafasi zilizo kati ya vitu, viache vitu vyenyewe. Utashangaa jinsi mkono unavyotulia. Saa moja inatosha. Ya Hasselt hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo angalia kalenda yao kabla ya kukata tiketi ya treni.